Kutoka Tembe Hadi Bati: Historia ya Makazi Yetu Gulwe, na Nyumba Tunayotaka Kujenga



Kamati iliponiomba niandike kwenye kijarida cha harambee cha mwaka huu, nadhani walitegemea nitaleta mapato na matumizi kama kawaida yangu. Hesabu zimo kurasa za nyuma, zimekaguliwa, na mwenye swali ataniuliza mkutanoni. Leo naomba nafasi niandike juu ya nyumba, kwa sababu nilijenga moja nikakosea, na kosa lenyewe nimekuja kuona kwamba lina historia ndefu kuliko umri wangu.

Miaka sita iliyopita nilimjengea mama nyumba pale Gulwe. Vyumba vitatu, sebule, choo cha ndani, bati la rangi ya maruni, madirisha ya vioo ya kusukuma, na ukuta wenye geti. Nilijenga nikiwa Dar es Salaam, kwa simu na kwa picha za kutumiwa, na kila risiti ninayo kwenye faili. Siku ya kuhamia tulichinja mbuzi wawili na majirani walisifu. Mwaka uliofuata nikaenda bila kutoa taarifa. Nilifika saa mbili usiku, nikakuta nyumba imefungwa kufuli. Mama na wajukuu wanne walikuwa wamelala kwenye jiko la nje, lile la miti na udongo alilolijenga marehemu baba, paa lake la bapa limeota majani juu.

Nikamuuliza, "Mama, kulikoni?"

Akasema, "Mwanangu, usinikasirikie. Mle ndani mchana panachoma, na usiku siwasikii mbuzi wangu."

Nilikasirika kidogo, nisiwadanganye. Kwenye leja yangu ile nyumba ilikuwa mali. Kwa mama ilikuwa stoo ya kuwekea vyombo vya wageni. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wazee wetu walikuwa wanaishije, nikasoma na kile kidogo kilichoandikwa. Nitakayoyasema yametoka huko.

Wenye umri wangu wengi tulilijua tembe mwishoni mwishoni, likiwa limebaki la mzee mmoja mmoja. Vijana wetu wanalijua kama neno la mzaha. Wanaoishi Dar es Salaam wanaweza kuliona kwenye Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1966, miongoni mwa nyumba za jadi za makabila yetu. Lakini lile la makumbusho halina ng'ombe wala moshi wala watu, na tembe bila hivyo ni kuta tu.

Tembe la Wagogo na majirani zetu lilijengwa kwa bawa. Nguzo zinachimbiwa, juu yake boriti, juu ya boriti fito zilizobanana, kisha majani, kisha udongo unaoshindiliwa. Ukuta ni miti iliyokandikwa. Paa ni bapa, lenye mteremko mdogo wa kutoa maji. Udongo ni mzito, kwa hiyo upana wa bawa haukuweza kuzidi urefu wa boriti uliyoipata porini. Ndiyo maana tembe lilikuwa jembamba na refu. Hukuweza kulipanua, ila uliweza kulirefusha kadiri ulivyotaka.

Hapo ndipo akili ya wazee wetu ilipo. Kijana anayeanza maisha alijenga bawa moja. Akiongeza mke, au mwanawe wa kiume akioa, anaongeza chumba mwishoni mwa bawa. Likifika mbali linakunja kona, linakuwa na pande mbili, baadaye tatu, na kaya ikijaliwa linafunga mraba. Katikati unabaki ua, na ndani ya ua zizi. Kila mama ana mlango wake unaotazama uani, ana moto wake, ana ghala lake la uwele na mtama. Lango la kutokea nje ni moja, na usiku linafungwa. Ukisimama uani jioni unajua nani amerudi na nani hajarudi, ng'ombe gani anachechemea, mtoto wa nani analia, na chakula cha nani kimechelewa kuiva.

Mhasibu yeyote atakubali kwamba huo ni mpango mzuri wa fedha. Hukopi ili ujenge vyumba vya watu ambao hawajazaliwa. Unajenga cha leo, na kesho unaongeza bila kubomoa. Mimi nilianza kwa kumwaga msingi wa nyumba nzima, nikaweka ukuta kuizunguka, na leo mdogo wangu akitaka kuongeza chumba hana pa kukiunganishia.

Kuhusu joto, hakuna mchawi. Dodoma mvua ni ndogo, milimita 500 hadi 600 kwa mwaka wa kawaida, na karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili. Paa la udongo lisingeweza kudumu Bukoba wala Tukuyu, kwetu liliwezekana. Udongo mnene unapokea jua polepole mchana kutwa, na unapoanza kupitisha joto ndani tayari ni usiku, na usiku wa Juni na Julai huku kwetu mnaujua wenyewe. Bati linafanya kinyume: saa saba mchana linakuchoma, saa tisa usiku limekuwa barafu. Juu ya paa lile la udongo walianika nafaka, wakakausha mboga za majani. Na kwa sababu halikuwa la nyasi, adui akija na moto hakuwa na cha kuwasha. Hilo si jambo dogo kwa watu waliokuwa wanaibiana ng'ombe na majirani wao wa kaskazini na wa kusini kwa vizazi vingi.

Wageni waliopita njia ya misafara waliliona. Burton na Speke walipita Ugogo mwaka 1857, Stanley akapita 1871. Mpwapwa ilikuwa kituo cha kujaza maji na kununua nafaka kabla ya kuvuka Marenga Mkali, lile pori lisilo na maji lililozitesa punda na wapagazi. Nafaka hiyo waliyouziwa ilitoka kwenye maghala yaliyokuwa ndani ya matembe. Neno lenyewe linatumika hadi Unyanyembe, ambako nyumba ya Kwihara alimokaa Livingstone inaitwa tembe mpaka leo, ingawa ile ilijengwa kwa mtindo wa Waarabu na ni jumba hasa.

Sasa nisije nikawa mtoto wa mjini anayesifia asichokikalia. Nilipomwambia shangazi yangu kwamba tembe lilikuwa zuri, alicheka mpaka akashika mbavu. Ndani kulikuwa giza, moshi hauna pa kutokea, na mtu mrefu aliinama maisha yake yote. Papasi walijificha kwenye nyufa za sakafu na kuta, na homa ya papasi iliwaangusha watu wazima na kuua watoto. Mvua ikizidi siku tatu mfululizo paa linaanza kudondosha tope, na kila mwaka kabla ya masika mtu alipaswa kupanda kushindilia udongo mpya. Kukandika kuta ilikuwa kazi ya akina mama, hakuna aliyewalipa, na haikuandikwa popote. Na miti! Hesabu nguzo, boriti na fito za mraba mmoja, halafu kumbuka mchwa. Kaya ilikuwa pia inahama. Peter Rigby, mtafiti aliyeishi na Wagogo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1969, alieleza jinsi watu wetu walivyokuwa wakihamisha makazi mara kwa mara kufuata malisho, mvua na ndugu. Waliokuwa wachache wakiwa na pori kubwa waliweza. Sisi leo hatuwezi, na anayesema turudi kwenye tembe kama lilivyokuwa hajaitazama milima ya Kiboriani siku hizi.

Mathias Mnyampala, mwana wa Dodoma tunayemfahamu zaidi kwa ngonjera zake, aliandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo mwaka 1954. Nawasihi wenye nakala waazime wengine. Tulikuwa na mtu wetu anayeandika mambo yetu kwa Kiswahili kabla hata ya Uhuru, na wengi wetu tumesoma ya wengine kwanza.

Kilichoanza kulivunja tembe kwetu, kwa maoni yangu, ni mambo matatu, na hayakuja pamoja.

La kwanza ni reli. Wajerumani walianza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Dodoma 1910, kwa hiyo ilipita bonde letu kabla ya hapo. Gulwe ikawa stesheni ya kushukia kwenda Mpwapwa. Babu zetu waliokuwa wakikaa vilimani, wakishuka bondeni kulima na kuchunga tu, wakaanza kusogea karibu na stesheni. Pale palikuwa na duka, vibarua na habari. Sina ugomvi na reli, imetusomesha wengi. Lakini ilitushusha kwenye bonde la Kinyasungwe, na mto ule haukuwa na habari na ratiba ya treni.

La pili ni Mtunya. Njaa ile ya 1917 hadi 1920 haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Inakadiriwa watu wapatao 30,000 walikufa Ugogo. Wengine walikimbilia kwa ndugu Ukaguru na Uhehe, na wapo waliotoa watoto kwa watu wenye chakula. Nalitaja hapa kwa sababu tembe lilikuwa pia benki. Ng'ombe wakiondoka uani na ghala likibaki tupu, lile zizi la katikati linakuwa shimo, na vijana hawana sababu ya kuongeza vyumba kwenye bawa la baba. Bibi mzaa baba alizaliwa baada ya njaa hiyo, lakini alikuwa akilitaja jina lake kana kwamba yeye mwenyewe aliikimbia.

La tatu wengi wenu mnalikumbuka kwa macho yenu. Baada ya ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, Operesheni Dodoma ya 1971 ilikusanya watu wa mkoa huu kwenye vijiji vya ujamaa. Mwalimu mwenyewe alikuja Chamwino kufyatua matofali na wananchi. Shule zilikuja, zahanati zilikuja, na mimi nisingekuwa mhasibu bila shule ile. Lakini kijiji kilipimwa kwa mistari, kila familia na kiwanja chake, nyumba moja mbele, nyuma bustani. Mzee mwenye wana watano walioa alipewa kiwanja kama cha kijana asiye na mtoto. Mifugo ikapangiwa mbali. Babu yangu, nilivyosimuliwa, alijenga kwenye kiwanja chake bawa moja tu la tembe kwa ukaidi, likiwa na mlango kuelekea ua ambao haukuwepo. Jiko analolala mama yangu limejengwa kwa boriti za bawa lile.

Baada ya hapo ni bati na tofali, na hilo halihitaji historia, kila mmoja wetu analijua. Tukipata mshahara wa kwanza tunanunua bati.

Nirudi kwenye mto. Mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 zilikata reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Wenye mashamba bondeni hawakuandikwa magazetini kama reli, ila nao walipoteza. Nilikuwa nimeshaanza kazi mjini, nikachanga kama wengine. Niliporudi nikaona jambo moja: nyumba zilizosalimika vizuri zilikuwa zile zilizojengwa mwinuko, kwenye viwanja ambavyo wazee walikuwa wanavikumbuka kwa majina ya waliokaa pale zamani. Mabua ya tembe la mtu aliyekufa miaka hamsini iliyopita yalikuwa ramani ya mafuriko, na hatukuisoma. Ardhi iliyokatwa miti vilimani haishiki maji, yanateremka yote kwa mara moja na mchanga wake. Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973 kwa sababu hiyo hiyo ya mmomonyoko, na nusu karne baadaye bado tunachoma matofali kwa kuni za vilima hivyo hivyo.

Nilichomwambia mafundi mara ya pili ni haya, nayaweka hapa kwa anayejiandaa kujenga.

Tofali lisilochomwa linawezekana. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukifundisha tofali za kufungamana, za udongo na saruji kidogo zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Ukuta wake ni mnene, hauli kuni, na hauhitaji saruji nyingi ya kuunganishia. Bati tumelikubali, sababu udongo hatuna miti ya kuubeba, ila chini yake kuna dari na upepo unapita kati, na baraza limezunguka upande wote wa uani ili jua lisiguse ukuta. Bawa ni jembamba, chumba kimoja kimoja kwa upana, hewa inaingia huku inatokea kule. Na mwisho wa bawa umeachwa wazi, nondo zimetokeza, kwa atakayeongeza.

Halafu maji. Hapa niruhusuni nifanye kazi yangu. Bati la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 550, linapokea lita 55,000 kwa mwaka. Toa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki lita 44,000. Watu kumi wakitumia lita 50 kwa siku kwa kunywa na kupikia tu, miezi saba ya kiangazi inahitaji lita 10,500. Yaani matangi mawili ya lita 5,000 na mfereji wa bati, na bado mwingine atachota ndoo moja kisimani mwishoni mwa Novemba. Nyumba yangu ya kwanza haikuwa na mfereji hata mmoja. Miaka mitano maji yalimwagika chini, yakachimba msingi, na mama akawa ananunua maji ya dumu. Hiyo hasara sikuwa nimeiandika popote, na ndiyo sababu fungu la kwanza la harambee ya mwaka huu, mnaliona ukurasa wa makisio, ni mifereji na matangi ya shule yetu ya msingi. Paa la shule ni kubwa kuliko letu sote.

Lakini mchoro haukuwa kazi ngumu. Kazi ngumu ilikuwa kikao cha ukoo.

Tangu treni ya reli ya kisasa ianze kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024, na Gulwe ikiwa na stesheni kwenye reli hiyo, madalali wamekuwa wakipita kuulizia viwanja. Kaka yangu mkubwa alitaka tuukate uwanja wa baba vipande vitano, kila mtu na hati yake, anayetaka auze. Hoja yake si ya kipuuzi. Ana watoto wawili vyuo vikuu. Mdogo wetu alitaka tujenge wote pamoja uani. Ilipofika zamu yangu, baba mdogo akauliza kwa sauti ya upole, "Na wewe binti yangu, bawa lako litakuwa upande gani? Maana kwenye tembe binti aliyeolewa bawa lake liko kwa mumewe."

Alisema kweli. Mpango ule wote ninaousifu hapo juu haukuwa na mlango wangu. Nyumba ya kwanza nilijenga mimi, matangi nanunua mimi, na kwenye mraba wa babu mimi ni mgeni anayelala kwa mama yake. Nilinyamaza, sikuwa na jibu.

Mama ndiye aliyejibu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua uwele. Akasema bila kuinua kichwa, "Upande wa jiko langu. Atakayekuja usiku nani? Si huyu?"

Kikao hakikuisha siku ile wala siku iliyofuata. Kaka bado hajasaini. Tumekubaliana yafuatayo kwa maandishi: uwanja hauuzwi mama akiwa hai, ukuta wa mbele unavunjwa upande mmoja ili ile nyumba ya bati la maruni iwe bawa la kwanza badala ya kisiwa, baraza linaongezwa upande wa uani, na zizi la mbuzi linarudi katikati, umbali wa kutosha kwa afya lakini sio mbali mtu asiwasikie.

Fundi alianza Agosti. Alitaka kubomoa jiko la zamani apate nafasi ya tangi, nikamwambia asogeze tangi. Boriti tatu za babu bado nzima, ni za mpingo, mchwa wamezishindwa. Mbili zimewekwa kwenye baraza. Ya tatu mama ameizuia. Anasema isubiri mpaka kaka aje achague mlango wake.